Je, Wajua? Zabibu za Rueda huvunwa usiku

Kaskazini-magharibi mwa Madrid, karibu na mto Duero, kuna eneo la Rueda, Hispania. Mashamba yake mengi yako mita 700 hadi 800 juu ya usawa wa bahari: mchana jua kali, usiku baridi. Zabibu yake kuu ni Verdejo, ambayo pengine huchanganywa na Sauvignon Blanc, iliyoletwa kutoka Ufaransa miaka ya 1970. Verdejo huleta harufu ya shamari na uchungu kidogo mwishoni. Mwenzake huongeza ukali wa ndimu.

Maji ya Verdejo huharibika upesi yakipata hewa na joto, ndiyo maana wengi huvuna usiku. Zamani, kabla ya mitambo ya kupoza, yaliachwa makusudi yapate hewa, ukatoka mvinyo mzito wa rangi ya dhahabu.

Mvinyo mweupe wa Rueda wa leo huenda vizuri na samaki wa kuchoma, kamba na saladi, lakini kwangu mimi hakuna kinacholishinda jibini la maziwa ya mbuzi. Nyama yenye mchuzi mzito huufunika. Upozwe tu, usigandishwe: baridi kali huua harufu yake.