Lugha isiwe kizingiti kwa mtoto wa maskini

Jijini Nairobi kuna soko liitwalo Burma. Wengi wetu huenda huko kununua nyama pasipo kujiuliza jina hilo lina habari gani. Wazee wetu wanalijua. Mnamo mwaka wa 1944, vijana wa Afrika Mashariki waliokuwa katika jeshi la KAR walipigana katika bonde la Kabaw, huko Burma, wakasonga mbele hadi mto Chindwin. Leo ningependa kumrudisha msomaji katika nchi hiyo, ambayo tangu mwaka wa 1989 inaitwa rasmi Myanmar. Safari hii hatufuati bunduki, bali tunamfuata mtoto wa mkulima anayetafuta chuo kikuu.

Natumchukue, kwa mfano, mtoto wa mkulima wa mpunga katika Jimbo la Shan. Nyumbani huzungumza Kishan, lugha iliyo ndugu wa Kithai. Aingiapo shule ya msingi hukutana na Kiburma, ambacho ukoo wake ni mmoja na Kitibeti. Afikapo madarasa ya juu ya sekondari, vitabu vya fizikia, kemia na biolojia huwa vimeandikwa kwa Kiingereza. Hizo ni lugha tatu za koo tatu, wala hakuna inayomsaidia mtoto kuikisia nyingine. Mwanafunzi wa Siaya au Homa Bay hahitaji kuelezwa safari hii. Kijaluo ni lugha ya Kiniloti, Kiswahili ni cha Kibantu, na Kiingereza kilitujia kwa meli.

Mwisho wa safari hiyo ni mtihani. Kwa miaka mingi, kijana wa Burma alifanya mtihani mmoja mwishoni mwa darasa la kumi, wenye masomo sita. Kila somo lilikuwa na alama 100, na jumla ilikuwa alama 600. Jumla hiyo ndiyo iliyoamua ni nani atakayesomea udaktari, ni nani atakayesomea uhandisi, na ni nani atakayerudi shambani. Katika miaka ya 2010, aghalabu ni takriban mmoja tu kati ya watatu aliyefaulu. Mageuzi yaliyoanza mwaka wa 2016 yalirefusha miaka ya masomo, lakini mtihani wa mwisho ulibaki kuwa ndio lango.

Hapa ndipo umaskini unapojitokeza. Mtoto asiyeelewa lugha ya kitabu hukikariri neno kwa neno. Mwenye fedha hununua msaada wa jioni ambao Waburma huuita "kyushin". Msomaji mwenye sikio la lugha atatambua kwamba neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, nalo ni pacha wa neno letu "tuisheni". Nchi mbili zilizotawaliwa na Mwingereza mmoja zilirithi neno moja, na ugonjwa mmoja. Kile ambacho darasa la mchana halikukifafanua huuzwa usiku, na asiye na cha kulipa hubaki na giza lake. Ili kulipia masomo hayo, familia nyingi za mashambani huuza mifugo au huingia katika madeni. Mara nyingine ndugu mkubwa huacha shule akaenda Thailand kufanya vibarua ili mdogo wake asome.

Hata hivyo, maskini hakuachwa mkono mtupu. Katika Kiburma, neno "kyaung" lina maana ya shule na pia makao ya watawa wa Kibudha. Mwanafunzi wa kiume huitwa "kyaungtha", yaani mwana wa kyaung. Lugha imehifadhi ukweli wa kihistoria, kwamba kabla ya shule za serikali, watawa ndio waliowafundisha watoto wa vijijini kusoma na kuandika. Hadi leo wapo wanaoendelea. Shule ya watawa ya Phaung Daw Oo, iliyoanzishwa mjini Mandalay mwaka wa 1993, imewasomesha maelfu ya watoto wa maskini. Wengi wasingepata elimu lau si mlango huo.

Lakini hata aliyepita vikwazo vyote hivyo aliweza kukuta chuo kimefungwa. Baada ya maandamano ya mwaka wa 1988, na tena kuanzia mwishoni mwa 1996 hadi mwaka wa 2000, utawala wa kijeshi ulivifunga vyuo vikuu kwa kuwaogopa wanafunzi. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021, walimu makumi ya maelfu walisimamishwa kazi kwa kugoma. Mtoto wa tajiri aliweza kwenda ng'ambo. Mtoto wa mkulima alingoja, na kungoja nako kuna gharama.

Tujifunze nini? Nakiri kosa langu. Kwa muhula mzima niliwahi kumhesabu mwanafunzi mmoja kutoka kijiji cha mbali kuwa mzito wa akili, kwa vile hakufungua kinywa katika mijadala yetu ya Kiingereza. Siku moja nilimwomba aeleze vitenzi vya lugha ya mamake. Alisimama ubaoni akafafanua kwa nusu saa mambo ambayo mimi, pamoja na shahada zangu, sikuyajua. Uzito ulikuwa katika kipimo changu.

Walimu wenzangu, mtoto anyamazapo darasani tusikimbilie kuandika kwamba hawezi. Tumuulize kwa lugha anayoielewa, na tumfafanulie mchana kile ambacho wengine watakinunua usiku. Nanyi wanafunzi mliotoka vijijini, msizionee haya lugha zenu, kwani aliyevuka mito mitatu kufika darasani hawezi kuitwa mvivu na aliyezaliwa ng'ambo ya pili. Kijana wa Shan anayekariri kemia kwa mwanga wa mshumaa haombi kupunguziwa mtihani. Anachotaka ni kuelewa swali analoulizwa.