Kansa ya utumbo mkubwa: mahali ilipo ni jambo kubwa

Huku kwetu Kasongo na Kabambare, mchimbaji akiona damu kwa choo, wenzake wanamwambia: "Hiyo ni amiba tu, kunywa dawa itaisha." Mara nyingi wana haki: amiba, bilharzia na bawasiri zote zinaleta damu. Lakini damu isiyoisha, ao nguvu zinazopotea bila sababu, inaweza kuwa kansa ya utumbo mkubwa. Na mahali kansa hiyo ilipoanzia panabadili dalili zake, hata siku za mgonjwa.

Utumbo mkubwa una urefu wa karibu metre moja na nusu. Unaanzia chini ya tumbo upande wa kuume, unapanda mpaka chini ya ini, unavuka kwenda kushoto, unashuka na kumalizikia kwenye puru, kipande cha mwisho kabla ya njia ya haja kubwa.

Upande wa kuume utumbo ni mpana, na choo bado ni majimaji. Uvimbe unakua bila kuziba kitu. Damu inatoka kidogo kidogo, jicho haliioni. Mtu anaishiwa damu: anachoka, moyo unapiga mbio akipanda kutoka shimoni na gunia lake. Watu wanasema ni kazi ngumu ao malaria. Upande wa kushoto utumbo ni mwembamba, na choo kimekauka. Huko dalili zinapiga kelele: kufunga choo, choo chembamba, damu inayoonekana.

Ndiyo sababu kansa ya kuume mara nyingi inavumbuliwa ikiwa imechelewa. Ikiisha kusambaa, wagonjwa wake kwa kawaida wanaishi muda mfupi kuliko wale wa kushoto, na dawa fulani za kisasa zinawasaidia kidogo tu. Kansa ya puru, iliyokuwa ikiogopwa zaidi zamani, imebadilika sana. Mwaka wa 1982, mpasuaji Mwingereza Bill Heald alieleza namna ya kuondoa puru pamoja na mafuta yote yanayoizunguka. Baadaye miale ikaongezwa mbele ya upasuaji. Katika inchi nyingi za Ulaya, wagonjwa wa puru sasa wanapona karibu sawa na wengine.

Munganga Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Uganda, aliona kansa hii ilikuwa haba kwa Waafrika, akafikiri ni juu ya chakula chenye nyuzi nyingi. Lakini leo inaongezeka katika miji ya Afrika. Sombe, lengalenga na maharagi tusiviache. Pombe na sigara tupunguze.

Mashine ya miale haiko Kasongo. Hata hivyo, kuna vipimo viwili vya bei ndogo. Kwa puru, munganga anavaa kinga ya mkono na kupima kwa kidole. Uvimbe mwingi wa hapo unaguswa. Haya isituzuie. Kwa upande wa kuume, tone la damu linaonyesha kama damu imepungua. Mwanaume mzima asiyekuwa na kidonda na anapungukiwa damu, asipewe vidonge tu: aulizwe damu inakwenda wapi.

Huko Marekani, kansa ikikamatwa ingali ndani ya utumbo, wagonjwa karibu 9 kwa 10 wanaishi miaka 5 na zaidi. Ikisambaa mbali, hawafiki hata 2 kwa 10. Basi, ndugu zetu wa mashimoni, na nyinyi mama wa nyumba: damu ikipita wiki tatu ingawa dawa zimemezwa, twende kituo cha afya, na tuombe barua ya kwenda hospitali kuu.