Chawa na Utitiri: Maadui Wawili wa Kuku

Mfugaji aonapo kuku wake wakijikuna na kupunguza utagaji, mara nyingi hunyunyiza dawa bandani, kisha hushangaa kuona wadudu wangalipo. Sababu ni kutomtambua adui.

Chawa ni mdudu asiye na mabawa, mwenye miguu 6. Huishi maisha yake yote juu ya kuku. Jike hugandisha mayai kwenye mashina ya manyoya, nayo huanguliwa baada ya siku 4 hadi 7. Chawa aitwaye Menacanthus stramineus hupenda kukaa karibu na njia ya haja. Hula magamba ya ngozi na manyoya. Tena hutafuna manyoya machanga na kunywa damu itokayo. Akitengwa na kuku, hufa katika muda wa juma moja hivi.

Utitiri mwekundu ni wa jamii ya kupe na buibui. Akikomaa huwa na miguu 8. Mchana hujificha katika nyufa za banda, na usiku hutoka kunyonya damu. Aweza kustahimili miezi kadhaa bila chakula.

Kwa hiyo utitiri hupigwa vita bandani, na chawa mwilini mwa kuku. Aidha, dawa ya unga huua chawa lakini haiui mayai yake. Hapana budi kuirudia baada ya siku 10 hivi.

Wanafunzi, chunguzeni wenyewe: mchana tenganisheni manyoya ya kuku mtazame ngozi; usiku mulikeni nyufa kwa kurunzi.