Nani Anafuta Ujumbe Katika Kundi la Simu?

Wengi wenu sasa mna kundi la WhatsApp. Ni jambo zuri, maana katibu hahitaji tena kutuma watoto nyumba hadi nyumba kutangaza mkutano. Lakini tumeona pia vikundi vikigawanyika kwa sababu ya simu. Katika kikundi kimoja cha akina mama, mweka hazina aliandika jina la mwenzao aliyechelewa kulipa mkopo, pamoja na kiasi cha deni, saa nne usiku. Wengine wakatuma vikatuni vya kucheka. Asubuhi mama huyo alijitoa kwenye kundi, na mkutanoni pia haji tena. Deni bado liko.

Kilichokosekana hapo si adabu tu. Hawakuwa wamekubaliana ni mambo gani yanaandikwa kwenye simu na yapi yanangoja mkutano.

Kwanza jueni kundi lenyewe linavyofanya kazi. Anayelifungua ndiye admini wa kwanza. Anaweza kuwateua wengine wawe maadmini, nao wanapata uwezo wa kumtoa mtu, kufunga kundi ili maadmini peke yao waandike, na tangu 2022, kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Ujumbe ukifutwa hivyo, wote huona kwamba admini ameufuta. Lakini aliyefungua kundi hawezi kuondolewa na wenzake mpaka atoke mwenyewe. Kwa hivyo angalieni sana ni nani anafungua. Si lazima awe yule kijana anayejua simu kutuliko sote. Mweka hazina naye hafai, kwa maoni yangu, maana maswali mengi ya wanachama ni ya pesa, na ni vigumu kuacha ujumbe unaokuuliza wewe mwenyewe! Afungue katibu, kisha mkutano umpe wasaidizi wawili, mmoja wao awe mwanachama wa kawaida asiye na cheo.

Sheria zitungwe mkutanoni na kuandikwa kwenye kitabu cha minitsi. Madeni, magonjwa na picha za vitambulisho zisiwekwe pale. Maneno ya kuchochea kabila moja dhidi ya lingine yafutwe mara moja. Hayo yamekatazwa na sheria ya nchi tangu 2008. Akikosea mtu, admini amwandikie kando kwanza, si mbele ya wote. Akirudia, apigwe faini ileile ya kuchelewa mkutano. Kumtoa kabisa kuamuliwe na mkutano, naye akiwepo ajitetee. Admini akifuta ujumbe, aeleze sababu. Mwenye ujumbe akiona ameonewa, ana haki ya kuuleta mkutanoni usomwe.

Halafu kuna wale wenye simu ya mulika mwizi, na katika vikundi vingine ndio wengi. Hao hawaoni kundi hata kidogo. Basi lolote la pesa lililokubaliwa kwenye simu lihesabiwe kuwa pendekezo tu, mpaka lipigiwe kura watu wakiwa wameketi pamoja.