Duka Lisilofungwa: Biashara ya Kupangisha Tovuti

Kompyuta ya kwanza ulimwenguni kuhifadhi tovuti ilikuwa katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Tim Berners-Lee, aliyebuni utaratibu wa tovuti, aliibandika karatasi yenye onyo lililoandikwa kwa mkono kwamba isizimwe. Onyo hilo ndilo msingi wa biashara ya kupangisha tovuti hadi leo.

Tovuti ni maandishi, picha na programu, navyo havina budi kukaa katika kompyuta iliyounganishwa na intaneti usiku na mchana. Kompyuta hiyo huitwa seva. Shule au duka lisiloweza kumudu seva yake hukodi nafasi katika seva ya mwingine, kama mpangaji akodivyo chumba.

Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. Wengi hukodi nafasi kwa kampuni yenye seva, kisha huigawa na kuwapangishia wateja wadogo wadogo. Hapa ndipo penye kishawishi. Kwa kuwa wateja wengi hawaitumii nafasi yao yote, mwenye biashara huuza nafasi kupita aliyo nayo. Siku watakapoitumia kwa pamoja, tovuti zote hukwama.

Hesabu ya ahadi

Mathalan, tangazo likiahidi kwamba tovuti itapatikana kwa asilimia 99 ya wakati wote, ahadi hiyo huonekana kubwa. Lakini mwaka una saa 8,760. Asilimia moja iliyobaki ni saa 87 na zaidi, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za giza. Asilimia 99.9 huacha muda usiofika saa tisa. Tofauti baina ya ahadi hizo mbili ni gharama ya jenereta, betri, mitambo ya kupoza hewa, na njia ya pili ya mawasiliano.

Seva iwekwe wapi?

Mwanga hupita katika nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 7,500. Kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui sekunde 0.075, na ukurasa mmoja huweza kuhitaji safari nyingi za namna hiyo. Aidha, tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania, Kenya na nchi nyingine. Seva iliyo nchini huweza kufikiwa na wananchi kupitia vituo vya kubadilishana mawasiliano, kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, pasipo kuvuka bahari.

Hata hivyo, ukaribu peke yake si usalama. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja ambao nakala zao za akiba zilikuwa katika kituo hicho hicho walipoteza kila kitu. Nakala ya akiba yapasa kukaa mbali na ile ya asili.

Kuitangaza

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa anayeanza achague kundi moja, tuseme shule za sekondari za mkoa wake, alihudumie kwa lugha yake, na atoe hadharani kumbukumbu za kila mara huduma ilipokatika. Jina la tovuti, kwa mfano lile liishialo na .tz, liandikishwe kwa jina la mteja, ili aweze kuhama apendapo. Mteja aliye huru kuondoka na bado akabaki ndiye tangazo lililo bora kuliko yote.

Kabla ya kununua chochote, basi, mwenye nia ajiulize: seva ikizimika saa nane za usiku, nani ataamka?