Dawa ya Magugu Katika Maji Maangavu

Leo tuzungumze juu ya maji tunayokunywa baada ya kupiga dawa shambani.

Pale Handeni, mahindi yakishapandwa, baadhi ya wakulima siku hizi hawashiki jembe la palizi. Hupiga dawa ya magugu, kama atrazini. Mvua kubwa ikinyesha, dawa nyingine husombwa mpaka lamboni, wanakokunywa ng'ombe na kuteka watoto. Ya Korogwe huteremkia Mto Pangani, na bomba kuu la Handeni huchota humo humo.

Utasema, "Mbona maji ni maangavu, wala hayanuki?" Ndiyo, lakini dawa imo. Kuchemsha hakusaidii: vijidudu vitakufa, dawa itabaki, tena maji yakipungua sufuriani itazidi kukolea.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha dawa moja katika maji ya kunywa: gramu 1 kwa lita milioni 10. Fikiria lambo la mita 100 kwa 50, kina mita 2, na ndani yake unga wa dawa wa kujaa ncha ya kijiko. Mashine ya maabara huona kwa shida kitu kidogo hivyo. Kwa hiyo wataalamu wamebuni chembe zinazopimwa kwa nanometa. Unene wa unywele mmoja ni nanometa 80,000 hivi. Chembe za chuma zilizovikwa kaboni hutiwa katika chupa ya maji na kutikiswa. Kwa kuwa ni ndogo na ni nyingi mno, dawa hupata pa kunata. Kisha sumaku huwekwa ubavuni, chembe zote zikakimbilia hapo, maji yakamwagwa. Dawa husuuzwa kwa spiriti kidogo. Lita 1 ikiishia mililita 1, dawa imekolea mara 1,000, na mashine inaiona.

Hiyo ni kazi ya maabara. Yako ni kuteka, na usiteke wakati wa kiangazi. Teka baada ya mvua kubwa ya kwanza tangu dawa ipigwe. Tumia chupa safi ya kioo cheusi, uiweke gizani penye baridi. Andika tarehe, mahali na jina la dawa. Bwana shamba akuelekeze jinsi ya kuifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Arusha. Asiteke mtu aliyetoka kupiga dawa. Mikono yake itatudanganya sote. Wala bomba lake la mgongoni lisioshwe lamboni.