Dabu ni nini hasa? Ubishi wa mashabiki wa rege na fizikia iliyo ndani yake

Waweke mashabiki watatu wa rege meza moja, halafu uliza: nani mkali wa dabu? Wa kwanza atakwambia King Tubby, hakuna mjadala. Wa pili atacheka na kusema Lee "Scratch" Perry, wengine wote wanafunzi. Wa tatu atamtaja Augustus Pablo. Sasa subiri yule wa nne aliyekaa kimya muda wote, maana atauliza: kwani dabu si wimbo wa kawaida uliotolewa sauti ya mwimbaji? Mnabishania nini?

Msomaji wetu, swali la huyo wa nne ndilo gumu kuliko yote. Kama dabu ni wimbo uliozimwa mwimbaji basi Tubby hakutunga chochote, alibonyeza tu swichi, na hao watatu wanapoteza muda. Kama dabu ni kitu kingine, inabidi tuseme ni kitu gani. Jibu lipo, na sehemu kubwa ya jibu hilo ni fizikia ya sauti uliyokutana nayo sekondari.

Jina limetoka wapi?

Miaka ya 1960 huko Kingston, Jamaika, watu wengi walisikiliza muziki kwenye saundi sistimu: maspika makubwa kama makabati, amplifaya ya nguvu, uwanja wazi, na umati unacheza. Saundi zilishindana vikali. Ili kumshinda jirani ulihitaji wimbo ambao yeye hana, kwa hiyo studio zilikata nakala moja moja kwenye sahani laini ya asetati, na hiyo ndiyo iliyopigwa uwanjani. Kunakili kwa namna hiyo Waingereza wanaita "dub". Ni neno lile lile lililotupa sisi kudabu kaseti na kudabu filamu.

Mwishoni mwa miaka hiyo, Ruddy Redwood, mwenye saundi kule Spanish Town, alikatiwa katika studio ya Treasure Isle nakala ya wimbo "On the Beach" wa kundi la Paragons. Sauti za waimbaji zikaachwa nje. Alipoipiga uwanjani, umati ukauimba wimbo wenyewe! Maprodyuza wakaona faida ya haraka: upande wa pili wa sahani hauhitaji tena wimbo mpya, unaweka ule ule bila mwimbaji. Huo upande ukaitwa "vesheni". Madijei kama U-Roy wakapata nafasi ya kuongea juu ya muziki. Kama umewahi kuangalia filamu za DJ Afro wa Kenya, unajua raha ya mtu kuongea juu ya kazi iliyokwisha kurekodiwa.

Mpaka hapo, yule wa nne yuko sahihi. Vesheni ni wimbo usio na mwimbaji. Lakini vesheni bado si dabu.

Fundi redio wa Waterhouse

Osbourne Ruddock, ndiye King Tubby, alikuwa fundi. Hakuwa mpiga gitaa wala mwimbaji. Alitengeneza redio na amplifaya, akafunga saundi yake mwenyewe, Tubby's Hometown Hi-Fi, kisha akafungua studio ndogo nyumbani kwake eneo la Waterhouse, Kingston. Chumba chenyewe hakikutosha bendi nzima. Watu walimletea utepe uliorekodiwa kwingine, wenye traki nne: kwa mfano dramu kwenye traki moja, besi nyingine, gitaa na kinanda nyingine, sauti ya mwimbaji nyingine.

Kazi ilianzia hapo. Utepe ukiwa unazunguka, Tubby aliisimamia mikisa kama mtu anayepiga kinanda. Anashusha gitaa, anabakiza besi na dramu. Anafungua sauti ya mwimbaji kwa neno moja, anaifunga, neno linabaki linaelea. Kila mchanganyo ulikuwa onyesho la papo kwa papo; ukirudia kesho unapata kitu tofauti.

Mikisa yake ilikuwa na nobu moja kubwa iliyokuja kuwa maarufu sana. Hiyo ilikuwa filta inayokata sauti nzito na kuziachia nyembamba. Ukiizungusha inapanda kwa hatua, kuanzia mitetemo kama 70 kwa sekunde mpaka 7,500. Hatua ya kwanza unapoteza mtikisiko wa chini kabisa. Hatua za katikati besi imeshakwenda. Ukifika juu, dramu zimebaki "tss, tss" kama chumvi inamwagika kwenye karatasi. Halafu anairudisha chini ghafla na besi inakuangukia kifuani. Kwa mafundi wengine filta ilikuwa kifaa cha kusafishia makosa. Kwa Tubby ilikuwa chombo cha muziki.

Sentimita 5 za utepe, ukuta wa mita 45

Twende kwenye mwangwi, maana bila mwangwi hakuna dabu. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde. Ukipiga makofi mbele ya ukuta, sauti inakwenda na kurudi. Ikirudi mapema mno, chini ya kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, ubongo unaiunganisha na sauti ya kwanza na husikii mwangwi. Ikichelewa zaidi ya hapo, unaanza kusikia vitu viwili.

Studio ndogo haina ukuta wa mbali, kwa hiyo mafundi walitumia mashine ya utepe. Hedi moja inarekodi, hedi nyingine iliyo mbele kidogo inasoma. Kama ziko sentimita 5 mbalimbali na utepe unakwenda sentimita 19 kwa sekunde, gawanya: sauti inatoka ikiwa imechelewa kama sekunde 0.26. Kwa ucheleweshaji huo hewani ungehitaji ukuta ulio karibu mita 45 kutoka ulipo. Yaani sentimita 5 za utepe zimejenga uwanja mzima ndani ya chumba!

Na kuna kitu kizuri zaidi. Rege inayokwenda mapigo 75 kwa dakika ina sekunde 0.8 kati ya pigo na pigo. Theluthi yake ni 0.27 hivi. Mwangwi wetu unaangukia karibu sawasawa kwenye theluthi ya pigo, kwa hiyo unasikika kama mpigaji mwingine ameingia kwenye bendi.

Sasa chukua sauti iliyochelewa uirudishe tena kwenye hedi ya kurekodia. Ukirudisha asilimia 60, mwangwi unakuja 60, kisha 36, kisha karibu 22, kisha 13, unafifia taratibu. Ukivuka 100, kila mzunguko unakuwa mkubwa kuliko uliopita, mpaka mashine ifike mwisho wa uwezo wake na kupiga kelele. Ni jambo lile lile linalotokea maikrofoni ikisogezwa mbele ya spika harusini na watu wote wakaziba masikio. Fundi wa dabu anaisukuma nobu mpaka ukingoni, anaiacha ianze kuwaka, halafu anaivuta kabla haijaharibu kila kitu.

Perry aliongeza, Tubby alipunguza

Lee Perry alijenga studio yake, Black Ark, uani kwake Washington Gardens mwaka 1973. Naye alikuwa na traki nne tu, lakini alikwenda njia tofauti. Zikijaa, alizichanganya na kuzinakili kwenye traki moja, akapata nafasi ya kuongeza vingine juu. Kila unaponakili utepe, mvumo wa "shhh" unaongezeka na makali ya sauti yanapungua. Kwa fundi wa kawaida hiyo ni hasara. Kwa Perry ulikuwa ukungu alioutaka. Sikiliza "Super Ape" ya 1976, au albamu aliyowatengenezea Congos mwaka 1977, "Heart of the Congos", ambamo utasikia mpaka mlio wa ng'ombe.

Kwa hiyo mashabiki wetu wawili wanabishana kuhusu hesabu mbili tofauti. Tubby ni kutoa: anaondoa, na ulichokuwa hukioni kinajitokeza. Perry ni kujumlisha.

Na Pablo? Albamu "King Tubbys Meets Rockers Uptown" ya 1976 ndiyo inayowachanganya watu. Wimbo uliobeba jina hilo umetokana na "Baby I Love You So" ulioimbwa na Jacob Miller. Pablo ndiye prodyuza na mpigaji wa melodika, wanamuziki wengine wakapiga ala, Tubby akachanganya. Ni kazi ya nani? Jibu utakalotoa linaonyesha unadhani dabu ni nini.

Jaribu mwenyewe

Tafuta "Baby I Love You So", kisha usikilize dabu yake. Usitumie spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, kupita daladala aina ya Coaster. Kile kispika kidogo hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti hiyo. Unachosikia kwenye simu ni mitetemo ya juu inayoambatana na noti, na ubongo wako unakisia ile ya chini. Tumia hedifoni nzuri au spika kubwa. Andika kila kitu kinachozimwa, kinaporudi, na kinaporudi na mwangwi wa aina gani. Karatasi itajaa kabla ya dakika ya pili.

Halafu mrudie yule wa nne na karatasi yako. Kila mstari hapo ni uamuzi wa mtu aliyekuwa amesimama mbele ya mashine, akijua hasa kila nobu inafanya nini kwa umeme na kwa sikio. Tubby aliuawa kwa risasi Februari 1989, lakini wanafunzi wake, akina Scientist na Prince Jammy, walishajifunza kazi kwenye mikisa ile ile, na njia hiyo ya kufikiri imeingia mpaka kwenye rimiksi unazocheza leo. Sisi kura yetu tunampa Tubby, kwa sababu moja: alionyesha kuwa anayeijua saketi vizuri naye ni mwanamuziki. Ukimtetea Perry, lete hoja, ila sikiliza kwenye spika kubwa kwanza.